Latitude E6440 imepigwa formati mara mbili, bado inatambaa

sekretaria_birere (Goma)

Salamu kwenu wote. Niko na laptopu ya Dell Latitude E6440 ya okazioni (iliyokwisha kutumika): prosesa i5-4300M, RAM (kumbukumbu ya muda) 4 GB, diski ya kuzunguka ya 500 GB, Windows 10 ya Kifaransa. Kazi yake ni ya sekretaria: kuandika na kupanga TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, Excel ndogondogo, kuskani, kuchapa, na WhatsApp ndani ya Chrome ili wateja watume faili zao.

Toka nibonyeze kitufe hadi Word ifunguke ni karibu dakika 6. Nikiandika, vidole vinamaliza neno ndipo herufi zinaanza kutokea. Imepigwa formati mara mbili. Wiki moja inakuwa nafuu, kisha inarudi palepale. Fundi mmoja anasema prosesa imezeeka, mwingine anasema ubao mama umekufa nusu.

Jambo moja linanishangaza: umeme ukikatika nikabaki na betri, mashini inakuwa nyepesi kidogo. Na betri yenyewe, siku nyingine inajaa, siku nyingine inakataa mpaka nigeuzegeuze waya wa chaja.

Niko na dola 70 za kuweka juu yake. Nianze na RAM au SSD (ile diski isiyozunguka)?

---

mega_moja (Goma)

SSD, dada. Mengine yote ni maneno. Diski ya kuzunguka mwaka huu ni adhabu.

---

fundi_kadutu (Bukavu)

SSD atahitaji, ndiyo, lakini asiinunue kabla hatujaona namba. Mashini inayokuwa nyepesi kwenye betri na nzito kwenye umeme imeenda kinyume na kawaida. Windows huipunguzia mashini nguvu ikiwa kwenye betri, haiongezi.

Dada, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Gestionnaire des tâches, uende kwenye Performances. Tuandikie haya:

Kwenye Processeur, soma «Vitesse» huku ukifungua Word na Chrome kwa pamoja ili mashini ifanye kazi kweli. Isome chaja ikiwa imechomekwa, halafu uchomoe, ungoje nusu dakika, uisome tena. Hapohapo chini utaona muda ambao mashini imekaa toka ianzishwe upya, uandike pia. Kwenye Mémoire, andika kiasi kinachotumika na «Emplacements utilisés». Kwenye Disque, angalia asilimia katika dakika tano za kwanza baada ya kuwasha.

Kisha weka CrystalDiskInfo, ni programu ndogo ya bure inayopima afya ya diski. Tuambie rangi inayoonyesha, bluu au njano, na namba za mistari 05, C5, C6 na C7.

---

sekretaria_birere

Aksanti fundi. Haya ndiyo niliyoona:

Vitesse na chaja: 0,78 GHz, haipandi hata nikifungua vitu kumi. Bila chaja: inacheza kati ya 2,5 na 3,1.
Muda toka ianzishwe upya: siku 23. Hii sielewi, maana naizima kila jioni.
Mémoire: 3,4 kati ya 3,9 GB, Word na Chrome yenye kurasa sita. Emplacements 1 sur 2.
Disque: 100 % kwa dakika nne hivi, baadaye inashuka na kupanda.
CrystalDiskInfo: njano. 05 ni sifuri, C5 inaandika 000000000010, C6 sifuri, C7 sifuri.

---

fundi_kadutu

Una magonjwa matatu, na kila fundi alishika moja akadhani ndilo lote. Tuanze na lile ambalo hakuna SSD wala RAM itakayolitibu.

Chaja. Prosesa yako imetengenezwa kwenda 2,6 GHz na kupanda mpaka 3,3. Hiyo 0,78 ni sakafu yake, yaani 800 MHz. Ikigota hapo kila unapochomeka chaja, jua mashini haiitambui hiyo chaja.

Angalia ncha ya chaja: ni bomba la milimita 7,4, na katikati kuna sindano nyembamba. Sindano hiyo haipitishi nguvu. Ndani ya chaja ya Dell kuna kichipu kidogo kinachojibu kupitia hiyo sindano: «mimi ni wati 65» au «mimi ni wati 90». Mashini isipopata jibu, inajilinda kwa kujishusha hadi chini kabisa na kukataa kujaza betri. Kwa sababu yako inajaa ukigeuza waya, kichipu huenda ni kizima. Uzi wa sindano ndio umekatika, na mara nyingi hukatikia sentimita chache karibu na ncha, pale waya unapokunjwa kila siku.

Hakikisha hivi. Zima, chomeka chaja, washa huku ukigonga F2 ili uingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashini. Kwenye General, fungua Battery Information. Mstari wa AC Adapter ukisema 65 W au 90 W, kwa wakati huo imetambuliwa. Ikishindwa kuitambua, ugonjwa ndio huo. Ukiwa humo, pitia POST Behavior uone kama kisanduku cha Adapter Warnings kina alama. Kwa kawaida mashini isiyoitambua chaja inatoa onyo kila inapowashwa. Kama wewe hujawahi kuliona, inawezekana aliyeuza aliondoa hiyo alama ili mnunuzi asiulize. Irudishe.

Matengenezo ni ya namna mbili. Ya kwanza, kukata sentimita tano za mwisho na kuunga ncha mpya. Fundi wako ajue kwamba ndani kuna nyaya tatu: wa nje ni hasi, wa ndani ni volti 19,5, na uzi mwembamba ni wa sindano. Akiunga mbili na kuuacha wa tatu, mashini itawaka na utarudi palepale. Uzi wa sindano ukigusana na 19,5, unaunguza kichipu na pengine sehemu ya kuchaji kwenye ubao mama. Hapo sasa yule aliyesema ubao umekufa atakuwa amesema kweli.

Ya pili ni kununua nyingine. Soma kibandiko: OUTPUT 19.5V 3.34A ni wati 65, inatosha kwa E6440 yenye grafiki ya Intel peke yake. Yenye kadi ya AMD inataka 4.62A, yaani wati 90. Wati zikizidi hakuna ubaya, zikipungua ndiyo taabu. Usilipe kabla ya kuichomeka mashini yako mwenyewe na kuona wati kwenye Battery Information, maana chaja nyingi za kuiga zina sindano ya mapambo tu, haina kichipu nyuma yake.

Diski. CrystalDiskInfo inaandika kwa hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo 10 yako ya C5 ni 16 ya kawaida. Ni sekta 16 (vipande vidogo vya kuhifadhia data) ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na kila mashini inapozigusa, yote inasimama kuzingoja. Hiyo ni sehemu ya 100 % unayoiona. C7 ingepanda tungeshuku mguso au waya. Kwako ni sifuri, kwa hiyo shida iko ndani ya diski. Formati ya haraka haigusi sekta hizo, ndiyo maana nafuu yako inadumu wiki moja.

Usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua diski) sasa. Itakaa masaa ikikwaruza mahali pabovu, na inaweza kuimaliza kabla hujaokoa TFC za watu. Kwanza nakili kwenye diski ya nje. Kunakili kwa kuburuta kutakwama kwenye faili ya kwanza mbovu, kwa hiyo fungua Invite de commandes uandike:

robocopy C:\Users\JINALAKO E:\KOPI /E /XJ /R:1 /W:1

JINALAKO ni jina la folda yako na E ni herufi ya diski ya nje. Windows ya Kifaransa inakuonyesha «Utilisateurs», lakini jina la kweli la folda ni Users. Hizo /R:1 /W:1 zina maana: ujaribu mara moja tu, ungoje sekunde moja, uendelee. Bila hizo robocopy hurudia faili mbovu mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Mwisho inakupa hesabu. Safu yenye «échec» ndiyo faili zilizokosekana.

RAM. 3,4 kati ya 3,9 maana yake Windows imeanza kutumia diski kama RAM, tena diski inayokufa. Nafasi moja iko wazi, kwa hiyo ongeza 4 GB. Soma vizuri kibandiko: PC3L-12800S. Ile L ndiyo muhimu, ni ya volti 1,35. Sokoni PC3 bila L zimejaa, za volti 1,5, zilizotoka kwenye mashini za kabla ya hizi. Zinaingia kabisa kwenye soketi, lakini prosesa za kizazi cha nne kwenye laptopu hazizipokei.

Kuhusu siku 23: Windows 10 ina «démarrage rapide». Ukibonyeza Arrêter haifi kabisa, inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha kesho, pamoja na uchafu wake. Redémarrer ndiyo inayoanza upya. Kwenye SSD hutahitaji ujanja huo; uondoe kwa Panneau de configuration, Options d'alimentation, «Choisir l'action des boutons d'alimentation».

Kwa hiyo dola 70 zitumike kwa mpangilio huu: chaja, SSD, RAM. Zikiishia kwenye SSD, RAM ingoje.

---

mega_moja

Yaya, mbona unamtuma kununua chaja? Kuna ThrottleStop, programu ya kusimamia kasi ya prosesa. Unaondoa alama kwenye BD PROCHOT, ile ishara inayoiamuru prosesa ishuke, prosesa inapanda 3 GHz hapohapo, bure.

---

fundi_kadutu

Ipo, na nusu ya kazi inafanya kweli. Prosesa itapanda. Betri haitajaa, kwa sababu anayekataa kuijaza si prosesa. Umeme ukikatika saa nne asubuhi mteja akiwa amesimama, mashini inazimika kama balbu, na SSD iliyokuwa inaandika inabaki na faili nusu. Pia hiyo BD PROCHOT ndiyo njia ambayo sehemu nyingine za mashini huitumia kumwambia prosesa apunguze zinapopata joto. Itumie kama kipimo: ukiondoa alama na kasi ikarudi, umethibitisha ugonjwa. Kisha funga ukatengeneze waya.

---

katuba_xfce (Lubumbashi)

Fundi kasema sawa, nami niongeze lile ambalo litamshtua dada baada ya chaja kupona. Mashini iliyokaa miezi ikienda 0,78 GHz haipati joto; hata feni iwe imeziba kabisa hutajua. Ikirudi 3 GHz itaanza kutoa joto lake la kweli, prosesa hii ni ya wati 37, na hapo vumbi litajitokeza. Kasi itapanda dakika mbili kisha itashuka, na watu watasema chaja mpya ni mbovu.

Kwa hiyo siku ya kuweka SSD, safisha pia. Kwetu Lubumbashi ni vumbi jekundu la kiangazi, kwenu Goma ni lile jeusi la mawe ya volkano, lakini yote hujenga kitu kilekile: blanketi la manyoya kati ya feni na mapezi ya shaba. Kupuliza kwa nje kupitia tundu hakulitoi. Linakunjamana tu na kurudi. Ondoa feni, ulivute blanketi kwa kibanio, litatoka kipande kizima kama kitambaa. Mapezi yapige brashi laini. Ukipuliza kwa mashine ya hewa, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, maana ikizungushwa kwa nguvu inazalisha umeme na bearingi zake zinaumia. Kupuliza kwa mdomo ni kupaka mate.

Ukifungua bomba la joto (lile la kutoa joto kwenye prosesa) badilisha pasta iliyo kati yao. Skrubu zake zina namba. Legeza na kaza kwa kufuata namba, kila moja kidogokidogo, usimalize moja ndipo uende ya pili, kioo cha prosesa kiko uchi na pembe zake zinavunjika. Futa ya zamani kwa alkoholi ya nyuzi 90 na kitambaa kisichoacha nyuzi. Pasta mpya ni punje moja ya mchele katikati. Watu hupaka kama siagi kwenye mkate, halafu inamwagika pembeni.

Baada ya hapo HWiNFO (programu ya kupima joto) ikikuonyesha nyuzi 70 hadi 85 kazini, sawa. Ikigusa 95 na zaidi, kuna kitu hakijakaa. Na Goma iko mita 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, feni inasukuma hewa pungufu kwa kila mzunguko. Usiibane kwa kitambaa chini, wala kuiweka juu ya mto.

Sasa SSD. Inchi 2,5, unene milimita 7, 240 GB inakutosha. Diski yako, hata ikiwa nzima, inasoma kwa mfululizo MB 100 hivi kwa sekunde, lakini faili ndogondogo zilizotawanyika, kama wakati wa kuwasha, zinaiangusha chini ya MB 1. SSD ya SATA hufika MB 500 kwa mfululizo, na kwenye hizo ndogondogo ndipo inapoiacha mbali zaidi.

Fremu ya chuma na skrubu za diski ya zamani usizitupe, SSD inaingia ndani yake. Kabla ya kuamini uliyonunua, iendeshee H2testw: inajaza diski yote kwa data kisha inaisoma tena. Ile inayosema 1 TB kumbe ndani ni kadi ya 32 GB itaanguka hapo. Fanya hivyo muuzaji angali anakukumbuka uso.

---

sekretaria_birere

Nimeangalia F2. Chaja ikikaa kawaida, mstari wa AC Adapter hauonyeshi wati zozote. Nikikunja waya kwa pembeni na kuwasha upya, inaandika 65 W. Na Adapter Warnings kweli ilikuwa haina alama.

Robocopy imemaliza, échec faili 3, zote za picha. TFC zote zimepona.

Maswali mawili. SSD nikiiweka, nihamishe Windows ileile au nianze upya? Na nimesikia Windows 10 imekufa, je niweke 11?

---

fundi_kadutu

Anza upya. Kuhamisha kutoka diski yenye sekta mbovu ni kubeba na kasoro zake, na programu nyingi za kuhamisha husimama zikifika hapo.

Kabla ya kuingiza flashi ya Windows, rudi F2, System Configuration, SATA Operation. Hapo unachagua namna mashini inavyoongea na diski, na hizi mara nyingi hutoka zikiwa RAID On. Kwa SSD tupu weka AHCI sasa hivi, kabla ya kusakinisha. Ukibadilisha baadaye, Windows itaanguka na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Kwa namna ya kuwaka, chagua pia UEFI badala ya Legacy ya zamani. Kama Windows yako ya sasa ilikuwa halali, haitakuomba namba. Leseni imefungwa kwenye ubao mama, na itajiwasha ikipata intaneti.

Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, ila viraka vya usalama vya kawaida vimekoma, na mashini inayopokea flashi za wateja thelathini kwa siku ndiyo ya kwanza kupigwa. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane na TPM 2.0 (kichipu cha usalama), yako ni ya nne. Kuna njia za kuilazimisha, lakini siwezi kumshauri mtu anayekula kwa mashini hiyo, kwa sababu toleo jipya likija linaweza kukataa kuingia katikati ya msimu wa TFC.

Chochote utakachoweka, ukimaliza kazi ya kwanza ni kulinda mega zako za intaneti. Paramètres, Réseau et Internet, tangaza mtandao wako kuwa «connexion limitée», kisha uzime «Optimisation de la distribution». La sivyo kifurushi chako cha wiki kitaisha usiku mmoja.

---

katuba_xfce

Au Linux Mint 22, mfumo wa bure badala ya Windows, ile ya Xfce yenye sura nyepesi. Inahudumiwa hadi 2029 na RAM 4 GB inaipokea vizuri mpaka utakapopata nyingine. Chrome itakula kama kawaida, hiyo haina huruma popote. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, na usiangalie uzuri wa skrini. Angalia vitu vitatu: printa yako inachapa? Skana inaskani? Clavier (kibodi) iko Français, maana ukisahau A na Q zitabadilishana?

Kwa TFC kuna mtego. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua faili za Word, lakini mashini isipokuwa na herufi za Times New Roman inaweka za Liberation Serif. Upana wa herufi ni uleule, kwa hiyo mistari haikatiki mahali pengine. Calibri inabadilishwa na Carlito kwa namna hiyohiyo. Kinachohama ni jedwali zenye picha ndani na hesabu za kurasa zilizochanganya Kirumi na kawaida. Kabla ya kuchapa nakala tano, toa PDF, mteja aipitie kwenye simu yake.

---

mega_moja

Sekretaria inaishi kwa Word, mzee. Mteja hataki kusikia Liberation.

---

katuba_xfce

Ndiyo maana nimesema ajaribu kwa flashi. Printa ikikataa, abaki na Windows, hakuna ugomvi.

---

sekretaria_birere

Waya umekatwa na ncha mpya imeungwa, nyaya tatu, nimesimama pale nikizihesabu. F2 inasema 65 W hata nikiukunja. Vitesse 2,9 na chaja. Betri iko 71 % na inapanda. Diski ni ileile bado, lakini herufi zinafuata vidole.

SSD naichukua Jumamosi. Diski ya zamani niifanye nini, niitumie kuhifadhia kopi?

---

fundi_kadutu

Hapana, kopi usiweke humo. C5 ikishaanza haikuahidi kitu. Iache kando mwezi mmoja kama ilivyo, bila kuifuta, hadi uhakikishe hakuna faili uliyoisahau ndani. Baada ya hapo, kama utaitoa mkononi, ifute kwanza yote kwa «clean all» ya diskpart (chombo cha Windows cha kusimamia diski), maana humo kuna vitambulisho na diploma za watu. Kwa 500 GB ingoje masaa mawili au zaidi. Na kabla ya kubonyeza hakikisha kwa «list disk» umechagua ile ya 500, wala si SSD yako mpya.